Pango litatosha? Jinsi ya kupita kipimo cha benki unaponunua nyumba ya kupangisha Uingereza

Wengi wanaonipigia simu kuhusu nyumba ya kupangisha huanza na mshahara. "Kaka, napata elfu arobaini na tano kwa mwaka, dipoziti ninayo, benki itanipa kiasi gani?" Mimi ni mshauri wa mikopo ya nyumba hapa Leicester, na kabla ya kujibu lolote huuliza: nyumba yenyewe inapangishwa pauni ngapi kwa mwezi, na nani kakwambia?

Unaponunua nyumba ya kuishi mwenyewe, benki inatazama kipato chako na matumizi yako, kisha inakupa mara nne na nusu ya mshahara, au karibu na hapo. Nyumba ya kupangisha ina hesabu nyingine kabisa. Benki inataka nyumba ijilipie riba yake yenyewe na ibakize. Mshahara unaangaliwa, lakini kama sharti la kuingilia tu: wakopeshaji wengi wanataka uwe na kipato cha angalau pauni 25,000 kwa mwaka nje ya pango, na wapo wasioweka kiwango. Ukishavuka hapo, kinachoamua ukubwa wa mkopo ni pango. Ndiyo maana daktari anaweza kukataliwa na dereva wa basi akapewa, kama nyumba aliyochagua dereva ina pango zuri kulinganisha na bei yake.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu inaniuma kuona watu wetu wakilipa mthamini, wakilipa mwanasheria, wakisubiri wiki kadhaa, kwa nyumba ambayo hesabu ya dakika tano kwenye simu ingewaonyesha mapema kuwa haipiti. Chukua kikokotoo, tuifanye pamoja.

Hesabu yenyewe

Kipimo kina namba mbili. Ya kwanza ni riba ya majaribio, yaani riba ambayo benki inaitumia kupima kama nyumba itaubeba mkopo hata riba ikipanda. Mara nyingi iko juu ya riba utakayolipa kweli. Ya pili ni asilimia ya ziada: pango lizidi riba hiyo kwa kiasi gani. Benki ikisema 125, maana yake kwa kila pauni 100 za riba pango lilete pauni 125. Ikisema 145, lilete 145.

Mwaka 2016 Prudential Regulation Authority, mamlaka ya usimamizi wa mabenki iliyo chini ya Bank of England, ilitoa mwongozo ulioanza kuwabana wakopeshaji tarehe 1 Januari 2017. Unasema hivi: mkopo ambao riba yake haikufungwa (yaani haikuwekwa isibadilike) kwa miaka 5 au zaidi upimwe kwa kudhani riba itapanda kwa pointi 2 za asilimia, na kwa vyovyote riba ya kupimia isishuke chini ya asilimia 5.5. Asilimia ya ziada kila mkopeshaji anajiwekea. Sokoni imetulia kwenye 125 kwa mtu anayelipa kodi ya mapato ya asilimia 20 na kwa kampuni, na 145 kwa anayelipa asilimia 40 au 45. Utakuta pia 130 na 140 kwa baadhi yao.

Sasa tuchukue nyumba ya pauni 200,000, yenye vyumba viwili, inayopangishwa kwa pauni 850 kwa mwezi. Kwa mwaka ni pauni 10,200. Wakopeshaji wengi hawavuki asilimia 75 ya thamani ya nyumba, kwa hiyo kiwango cha juu cha mkopo hapa ni pauni 150,000. Riba ninazotumia ni za mfano. Utaweka za siku unayoomba.

Kanuni ni hii: pango la mwaka, gawanya kwa riba ya majaribio, gawanya tena kwa asilimia ya ziada. Jibu ndilo mkopo wa juu kabisa ambao pango hilo linaweza kuubeba.

Mtu wa kodi ya asilimia 40 anayechagua riba iliyofungwa miaka 2, tuseme asilimia 4.5, atapimwa kwa 6.5. Pauni 10,200 ukigawanya kwa 0.065 na kwa 1.45 unapata takriban pauni 108,220. Alitaka 150,000. Mwenzake wa kodi ya asilimia 20, kwa mkopo huohuo, anapata takriban 125,540, naye hajafika.

Badilisha kitu kimoja tu: funga riba miaka 5. Mwongozo ule hauilazimishi benki kuongeza pointi 2 juu ya mkopo wa namna hiyo, na wakopeshaji wengi wanapima kwa riba ileile utakayolipa, ingawa wapo wanaojiwekea sakafu yao. Ikiwa riba ni asilimia 5, mtu wa kodi ya 40 anapanda hadi takriban pauni 140,690. Wa kodi ya 20 anafika 163,200, yaani anapata 150,000 zake zote na nafasi inabaki.

Nyumba ni ileile na pango ni lilelile, lakini mkopo wa mtu wa kodi ya 40 umetoka 108,220 hadi 140,690, na wa mtu wa kodi ya 20 umetoka 125,540 hadi 150,000. Hapa ndipo kazi ya mshauri ilipo, na hapa ndipo unapaswa kuweka nguvu zako kabla ya kumpigia dalali yeyote.

Ukitaka njia ya mkato unapopitia matangazo ya nyumba, jiwekee kipimo cha kila pauni 1,000 za mkopo. Kwa riba ya majaribio ya asilimia 5 na ziada ya 125, kila elfu moja inadai pango la pauni 5.21 kwa mwezi. Kwa 145 inadai 6.04. Kwa 6.5 na 125 ni 6.77, na kwa 6.5 na 145 ni 7.85. Unataka mkopo wa 150,000 kwa kipimo cha mwisho? Zidisha 150 kwa 7.85 na utaona nyumba lazima ipangishwe kwa karibu pauni 1,178 kwa mwezi. Nyumba inayoleta 850 haipiti huko, hata dalali aisifie vipi.

Nani anasema pango ni kiasi gani

Si wewe, na si dalali anayeuza. Ni mthamini anayetumwa na benki. Anaandika thamani ya nyumba, na ndani ya ripoti ileile kuna kisanduku anachojaza makadirio ya pango la mwezi kwa bei ya soko. Namba hiyo moja ndiyo inayoingia kwenye kikokotoo cha benki. Kama ndani tayari kuna mpangaji, benki itaomba mkataba wake, na mara nyingi taarifa za benki zinazoonyesha pango likiingia, kisha itachukua iliyo ndogo kati ya pango linalolipwa sasa na makadirio ya mthamini.

Nakumbuka dada mmoja muuguzi aliyekuwa akinunua nyumba kama hii ya mfano wetu. Dalali alimwambia pango ni pauni 975. Kwa 975, kwenye mkopo wa miaka 2 aliokuwa ameuchagua, hesabu ilitoa pauni 144,000 kamili, naye akajipanga hivyo. Ripoti ya mthamini iliporudi, kwenye kile kisanduku palikuwa na 850. Mkopo ukashuka hadi 125,540, pengo la zaidi ya pauni 18,000 kwa mstari mmoja wa ripoti. Tulipoitafuta ile 975 ilikotoka, tukaikuta ni bei ya tangazo la nyumba ya jirani iliyokarabatiwa jiko na bafu, ambayo ilikuwa bado haijapata mpangaji. Zilizokwisha kupangishwa mtaa huohuo zilikuwa kati ya 825 na 875. Mthamini alikuwa sahihi. Tulihamia mkopo wa miaka 5 kwa mkopeshaji yuleyule, na kwa kuwa alikuwa wa kodi ya asilimia 20, nyumba ikapita.

Kwa hiyo fanya kazi ya mthamini kabla yake. Fungua Rightmove au Zoopla, tovuti za matangazo ya nyumba, upande wa kupangisha, na uweke alama ya kuonyesha pia nyumba ambazo tayari zimepata wapangaji. Hizo ndizo zenye ushahidi. Tafuta zenye idadi ileile ya vyumba, aina ileile, mtaa uleule au mtaa wa pili yake. Nyumba ya safu usiilinganishe na ghorofa jipya la katikati ya mji. Ukipata tatu au nne zinazokaribiana, chukua ya chini kati ya hizo ndiyo ufanyie hesabu. Kisha wapigie mawakala wawili wa upangishaji wasiohusika na mauzo ya nyumba hiyo, waulize wangeipangisha kwa kiasi gani ndani ya wiki mbili. Swali la wiki mbili lina faida yake: linaondoa zile namba za kujipa moyo.

Mthamini akiandika pango dogo kuliko ushahidi wako, unaweza kukata rufaa kupitia mshauri wako. Kwa kawaida wanataka mifano mitatu ya nyumba zinazofanana, zilizopangishwa karibuni, karibu na hapo, ikiwa na bei na anwani. Usipeleke matangazo yasiyopata wapangaji, maana hayo ndiyo ya kwanza kutupwa. Sikufichi, rufaa nyingi hazibadilishi kitu. Lakini ukiwa na mifano safi inafaa kujaribu, kwa sababu pauni 50 za pango kwa mwezi, kwa kipimo cha 5.21, zinabeba karibu pauni 9,600 za mkopo.

Jambo linalowachanganya sana watu wetu ni vyumba. Mtu ananiambia, "Nyumba ina vyumba vinne, kila kimoja naweka mtu kwa 500, hiyo ni elfu mbili." Kwa mkopo wa kawaida wa nyumba ya kupangisha, mthamini anakadiria pango la familia moja kwa mkataba mmoja, na mkopeshaji mara nyingi haruhusu hata kuigawa. Ukitaka kupangisha chumba kwa chumba kuna mikopo yake maalumu, yenye masharti yake na riba yake. Na kwa England, nyumba yenye watu 5 au zaidi wasio wa familia moja, wanaotumia jiko au bafu pamoja, inahitaji leseni ya halmashauri; halmashauri nyingine zinadai leseni hata kwa watu 3. Leseni hiyo iulizie halmashauri kabla ya kununua.

Na kaka au dada yako asiwe mpangaji wako. Najua ni jambo la kawaida kwetu kumsitiri ndugu, lakini wakopeshaji wengi wa mikopo hii wanakataza jamaa wa karibu kukaa humo, kwa sababu mkopo unaingia kwenye kanuni za ulinzi wa mkopaji wa nyumba ya kuishi. Kama nia yako ni kumpa mama au kaka mahali pa kukaa, sema tangu mwanzo. Upo mkopo wa namna hiyo, nao kipimo chake mara nyingi kinarudi kwenye mshahara.

Kwa nini kodi inaingia kwenye hesabu ya benki

Hapa naomba uwe mvumilivu, maana ndipo watu wanapoumia baada ya kupata mkopo.

Zamani mwenye nyumba alitoa riba yote ya mkopo kwenye pango kabla ya kukatwa kodi. Kifungu cha 24 cha sheria ya fedha ya pili ya mwaka 2015 kiliondoa haki hiyo kwa watu binafsi hatua kwa hatua, kuanzia Aprili 2017 hadi ikaisha kabisa Aprili 2020. Sasa unatozwa kodi kwenye pango baada ya kutoa gharama za kawaida, bila kutoa riba. Kisha unapunguziwa kodi kwa asilimia 20 ya riba uliyolipa. Kwa wa kodi ya asilimia 20 matokeo yanakaribia yaleyale ya zamani. Kwa wa asilimia 40 pengo ni kubwa, na ndiyo sababu benki inamdai 145.

Angalia mfano wetu. Pango 10,200 kwa mwaka. Wakala anachukua asilimia 10, yaani 1,020. Bima, ukaguzi wa gesi na matengenezo madogo tuseme 900. Inabaki 8,280. Mkopo ni 140,000 kwa asilimia 5, riba 7,000. Mkononi unabaki na 1,280 kabla ya kodi.

Wa kodi ya asilimia 40 anakokotolewa kwenye ile 8,280: ni 3,312, ukitoa asilimia 20 ya riba ambayo ni 1,400, anadaiwa 1,912. Alikuwa na 1,280. Kwa hiyo kila mwaka anatoa pauni 632 mfukoni mwake kuendesha nyumba ambayo benki imesema imepita. Wa kodi ya asilimia 20, kwa nyumba hiyohiyo, anadaiwa 256 na kubaki na 1,024.

Kipimo cha benki kinalinda pesa za benki. Chako wewe ni hiki cha pili, na nakusihi ukifanye hata kama cha kwanza umekipita vizuri.

Sasa rudi kwa yule wa elfu arobaini na tano. Anajiona ni wa kodi ya 20, na leo ni kweli. Lakini 45,000 ukijumlisha 8,280 za pango ni 53,280, na kwa England kodi ya asilimia 40 inaanzia pauni 50,270. Kumbuka riba haitolewi kabla ya kujumlisha. Nyumba yenyewe imemvusha mstari. Wakopeshaji wengi wanafanya jumlisho hilo wakati wa maombi na kumpima kwa 145, naye alikuwa amejipanga kwa 125. Kila ukifanya hesabu, anza kwa kujua utakuwa wapi kikodi baada ya pango kuingia. Scotland ina viwango vyake vya kodi ya mapato, na mstari huo uko chini zaidi, kwa hiyo walioko Glasgow na Edinburgh wawe makini mara mbili.

Pango likipungua, fanya nini

Ya kwanza umeshaiona: riba ya miaka 5 badala ya miaka 2. Angalia tu faini ya kutoka mapema, maana ukitaka kuuza mwaka wa tatu utalipa asilimia fulani ya mkopo. Ukijua huenda utarudi nyumbani au kuhama mji, jifikirie vizuri.

Ya pili ni kuongeza dipoziti. Ni njia safi, lakini usisahau kodi ya ununuzi. Tangu tarehe 31 Oktoba 2024, kwa England na Northern Ireland, anayenunua nyumba ya ziada anaongezwa asilimia 5 juu ya viwango vya kawaida. Kwa nyumba ya 200,000 ni pauni 11,500, na haziingii kwenye mkopo. Na fedha ya dipoziti lazima uieleze ilikotoka. Kama ni kiwanja kilichouzwa Kigamboni au zamu yako ya upatu, uwe na mkataba wa mauzo na miamala ya benki, si maelezo ya mdomo.

Ya tatu ni mkopeshaji anayekubali mshahara ufidie pango. Wanaangalia kipato chako, wanatoa matumizi na mkopo wa nyumba unayoishi, kisha ziada inaziba pengo la kipimo. Si wote wanaofanya hivyo, na wanaofanya wana mipaka yao, mara nyingi wakitaka pango lifunike angalau riba yenyewe. Kwa mwenye mshahara mzuri anayenunua kusini mwa England, ambako bei ya nyumba ni kubwa na pango haliifuati, hii ndiyo inayookoa maombi mengi. Lakini ukihitaji mshahara wako kuibeba nyumba tangu siku ya kwanza, jiulize utaibeba mpaka lini.

Ya nne ni jina la mwenye nyumba. Kama mume ni wa kodi ya 40 na mke ni wa 20, maombi ya pamoja kwa wakopeshaji wengi hupimwa kwa 145. Kwa jina la mke peke yake, akitimiza masharti ya kipato, ni 125, na kodi ya kila mwaka inapungua kweli. Hili mlizungumze kwa uwazi na mwanasheria, maana nyumba itakuwa yake kisheria.

Ya tano ni kampuni, nayo inasifiwa kupita kiasi. Ni kweli kampuni inapimwa kwa 125 bila kujali kodi yako binafsi, na inatoa riba yote kabla ya kodi ya kampuni, ambayo ni asilimia 19 kwa faida isiyozidi pauni 50,000. Wakopeshaji wanapenda kampuni isiyofanya biashara nyingine; unapoisajili Companies House, ofisi ya msajili wa kampuni, chagua namba za shughuli za nyumba, kama 68100 na 68209. Lakini riba za mikopo ya kampuni kwa kawaida ziko juu, utatoa dhamana binafsi hata hivyo, utalipa mhasibu kila mwaka, na ukitaka kuitoa faida ije mfukoni utakatwa kodi tena. Nyumba uliyonayo tayari ukiihamishia kwenye kampuni, sheria inaiona kama mauzo, na kodi zake zinafuata. Kwa anayeanza, anayetaka kununua kadhaa na kuacha faida ndani, namshauri kampuni. Kwa mwenye nyumba moja aliye kwenye kodi ya 20, simshauri.

Kuna ya sita ambayo hutangazwa kwa sauti, nayo ni riba ndogo yenye ada kubwa. Mkopeshaji anakupa asilimia 4.3 badala ya 5, lakini ada ya mkopo ni asilimia 5 ya mkopo wote. Zipo zinazofika 7. Kwa wa kodi ya 40 kwenye mfano wetu, 4.3 inabeba hadi pauni 163,590, kwa hiyo ile 150,000 inapita. Ukiangalia gharama: kwa mkopo wa 150,000 unaokoa 1,050 kwa mwaka kwenye riba, 5,250 kwa miaka 5. Ada ni 7,500. Ikiwa ule mkopo wa asilimia 5 ulikuwa na ada ya 1,500, umeongeza 6,000 za ada ili uokoe 5,250. Na ada ikijumlishwa kwenye mkopo, inakula riba ya pauni 322 na senti kwa mwaka, tena baadhi ya benki zinaipima pamoja na mkopo. Si vibaya kuitumia pale inapokuwa njia pekee, ila ujue unachokinunua.

Kwa ndugu zangu Waislamu wasiotaka riba: zipo benki za Kiislamu hapa Uingereza zenye mpango wa ununuzi wa nyumba ya kupangisha, ambapo benki na wewe mnamiliki pamoja na unailipa benki pango la sehemu yake. Msidhani kipimo cha pango hakipo. Kipo, na kinafanywa kwa namna ileile, wakitumia malipo ya kukodi mahali pa riba.

Mambo ambayo sifanyi

Siandiki pango la kubuni, na sipeleki mkataba wa mpangaji ambaye hayupo. Wala simsaidii mtu kuchukua mkopo wa nyumba ya kuishi huku najua ataipangisha. Wapo watakaokwambia kila mtu anafanya hivyo. Huo ni udanganyifu. Benki ikigundua inaweza kudai mkopo wote urudishwe, na jina lako likaingia kwenye kumbukumbu ambazo wakopeshaji wanashirikiana. Kwa mtu ambaye ombi lake la ukazi au uraia bado liko mezani, hatari ni kubwa kuliko nyumba yoyote. Ukiwa na mkopo wa kuishi na hali ikabadilika, kazi imekuhamisha kwa mfano, omba ruhusa ya kupangisha kwa maandishi. Wakopeshaji wengi hutoa.

Mpangilio ninaoupendekeza

Kwanza jua utakuwa kwenye kodi ipi baada ya kuongeza pango. Kisha tafuta pango la chini linaloaminika. Fanya hesabu ya mkopo kwa miaka 2 na miaka 5. Angalia cheti cha matumizi ya nishati cha nyumba: kwa England na Wales haipangishwi ikiwa chini ya daraja E, isipokuwa imesajiliwa kwa msamaha, na wakopeshaji wanauliza. Halafu ndipo ufanye hesabu ya mfukoni, ile ya kodi na wakala. Zikipita zote mbili, toa bei kwa muuzaji, ukiacha nafasi ya mthamini kushusha pango kwa pauni 50. Ukiwa bado huna ukazi wa kudumu, au hujawahi kumiliki nyumba hapa, mwambie mshauri siku ya kwanza, kwa sababu orodha ya wakopeshaji inapungua na hakuna haja ya kumlipa mthamini wa benki ambayo haikuchukui.

Kwa England, kumbuka pia Renters' Rights Act, sheria ya haki za wapangaji ya mwaka 2025. Kuanzia tarehe 1 Mei 2026 huruhusiwi kupokea pango la juu kuliko ulilotangaza, wala kudai miezi sita mbele, na pango linapandishwa mara moja tu kwa mwaka kwa notisi rasmi. Ukianza na pango dogo ili nyumba ijae haraka, utachelewa kulifikisha kwenye bei ya soko, na hilo litaonekana siku ya kuutafuta mkopo mpya.

Siku hiyo itafika, kwa sababu mingi ya mikopo hii ni ya kulipa riba tu na riba hufungwa kwa miaka michache. Ukihamia mkopeshaji mwingine, kipimo kinaanza upya, kwa riba za wakati huo na pango la wakati huo. Ukibaki kwa yuleyule na kuchukua riba mpya bila kuongeza mkopo, kwa kawaida hawakupimi tena. Hivyo kama pango lako limebana, miezi sita kabla riba haijaisha muulize mkopeshaji uliyenaye anatoa nini, ndipo utoke kwenda kuangalia wengine.